Rezista ya Volti Tano

Tarehe 28 Machi mwaka huu, baada ya swala ya alasiri, Fundi Sudi alizikwa Ujiji. Mimi nilikuwa ndani pamoja na wanawake, nimeketi kwenye mkeka karibu na mlango wa uani. Tulisikia wanaume wakiliinua jeneza na sauti zao zikienda mbali, kisha tukabaki na vikombe vya chai. Mwanamke mmoja nisiyemjua alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Mungu amsamehe tu, maana yule mtoto wa Mwajuma..." Mwenzake akamgusa goti asimalizie. Nilijua alichotaka kusema. Miaka ishirini na miwili imepita na bado linasemwa Ujiji: kwamba Fundi Sudi aliharibu mashine ya kupimia damu, na kwa sababu hiyo mpwa wake Zaituni akafiwa na mtoto wake wa kwanza. Mashine ile haikuharibiwa na Fundi Sudi. Niliiharibu mimi. Alilibeba kosa hilo mbele ya watu, nami nikamwacha alibebe, na siku ile ya Machi akaenda nalo. Naandika habari za mwaka 2004 kwa sababu hiyo tu. Mambo ya kwetu Buzebazeba, nani alinizaa na nani alinilea, hayahusiki hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne nimemaliza kwa kufeli, na nilikuwa nimekaa kwenye karakana ya Fundi Sudi tangu Januari. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha la nondo likitazama barabara, na rafu tatu za mbao zilizojaa redio na deki, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa chaki. Juu ya meza ilining'inia balbu kubwa ambayo umeme ulipitia kwanza kabla ya kufika kwenye chombo kinachopimwa. Chombo kikiwa na shoti, balbu iliwaka kwa nguvu zake zote, na mtu aliyekuwa anapita barabarani aliweza kuona kwamba redio ya mtu fulani iko hoi. Kulikuwa na harufu ya risasi ya kuungia nyaya iliyoyeyuka na ya kahawa. Fundi Sudi alikuwa mtu mwembamba, amevaa kofia yake muda wote, na alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata mara moja: kila kipande kilichokufa akikitoa kwenye chombo cha mtu, alikitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki na kuufunga kwenye mkono wa redio, ili mwenyewe akija aone kilichotolewa. Mafundi wengi wa mji ule walikuwa wanasingiziwa kuiba vipande, na wengine hawakuwa wanasingiziwa. Yeye hakutaka maneno hayo mlangoni kwake.

Wateja walinizoea polepole. Nakumbuka mzee mmoja muuza mawese alisimama mlangoni na redio yake kwapani, akanitazama, akasema, "Fundi, huyu binti ndiye atakayenifungulia redio? Si bora umpe sufuria?"

Fundi hakuinua macho. "Sufuria mpelekee mkeo. Hiyo redio yako ilishafunguliwa na wanaume watatu kabla hujaja kwangu, na kila mmoja alibakiza skrubu mfukoni."

"Basi na huyu akibakiza?"

"Huyu akibakiza utaikuta kwenye mfuko."

Nilifurahi siku ile kuliko nilivyoonyesha. Nadhani sehemu ya yaliyotokea baadaye ilianzia kwenye furaha za namna hiyo. Nilitaka sana kuonekana kwamba najua.

Chakula cha mchana kililetwa na Zaituni. Alikuwa mtoto wa Bi Mwajuma, dada mkubwa wa Fundi, na nyumba zao zilipakana kwa uani, zina mlango mmoja katikati. Mumewe alikuwa kusini, Kalya, kwenye kazi ya dagaa, na yeye alikuwa na mimba ya kwanza. Saa saba aliingia na sinia limefunikwa: ugali wa muhogo, migebuka ya ziwani iliyopikwa kwa mawese, pilipili kando. Tulikula watatu kwenye meza ileile ya kazi, tumesogeza mita na pasi ya risasi pembeni. Kutoka uani tulimsikia Bi Mwajuma akiongea peke yake na kuku. Zaituni alipenda kunichokoza. "Dada Yasinta, ukioa mke utamlisha nini, nyaya?" Fundi akicheka, alijificha nyuma ya kikombe. Ule mlango wa uani ulikuwa wazi kutwa nzima, na Bi Mwajuma alikuwa akipitisha kichwa kuuliza kama chumvi imekolea, hata akijua imekolea.

Mwezi wa sita ilikuja mashine. Ilikuwa ya zahanati moja iliyo kati ya Ujiji na Mwanga, na aliyeileta alikuwa mtu wao wa maabara, Bwana Nikodemo, Muha wa Bangwe, mtu wa maneno machache aliyeiendesha baiskeli yake kama amebeba mayai hata akiwa hana kitu. Siku ile alikuwa na kitu. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa kishindo, na mashine ikazima. Kwa Fundi Sudi hiyo ilikuwa kazi kubwa. Redio za bei rahisi zilikuwa zimeanza kujaa madukani, watu wananunua mpya badala ya kutengeneza, na sasa zahanati nzima ilikuwa imemwamini. Aliufunga mlango wa barabarani siku hiyo ili afikiri vizuri.

Nitaieleza mashine hiyo jinsi alivyonieleza yeye. Ndani yake kuna taa ndogo. Mwanga wa taa unapita kwenye damu iliyochanganywa na dawa, na upande wa pili kuna kitu kinachopima umepita mwanga kiasi gani. Ukipita mwingi, damu ni nyepesi, mtu ana upungufu. Ukipita kidogo, damu ni nzito, mtu yuko salama. Jibu linachapwa kwenye karatasi nyembamba inayotoka ubavuni. Umeme wa kufanya yote hayo unatoka kwenye pawa saplai moja yenye njia tatu: volti tano kwa ajili ya akili ya mashine na namba za kwenye kioo, volti kumi na mbili kwa ajili ya taa, volti ishirini na nne kwa ajili ya kichapishi. Kilichokufa kilikuwa kwenye hiyo pawa saplai, kapasita mbili zilizovimba na fyuzi. Fundi alizibadilisha kwa mkono wake asubuhi moja. Mchana akaitwa kwenye msiba Kasulu, na akaniambia nisafishe bodi, nipime njia zote tatu, nifunge.

Wakati wa kusafisha niliona rezista moja nene, kipande cha kuzuia umeme, imesimama kwenye njia ya volti tano. Iliunganisha tano moja kwa moja na hasi. Nilifuata mistari ya bodi kwa kidole mara mbili na sikuona kazi yake yoyote. Nilipowasha, baada ya dakika chache ilikuwa haishikiki, na bodi chini yake ilikuwa imegeuka rangi ya mkate ulioungua. Fundi alikuwa ananiambia kila wiki kwamba kinachoua vyombo ni joto. Basi nikaona hapa kuna kitu kinakula umeme bure na kuunguza bodi ya watu. Nikaitoa. Nikapima: tano ilikuwa tano, kumi na mbili ilikuwa kumi na mbili, ishirini na nne ilikuwa ishirini na nne. Nilijisikia nimeona jambo ambalo hata aliyeitengeneza mashine hakuliona. Na kwa kuwa rezista yenyewe ilikuwa nzima, sikuitia kwenye mfuko wa vilivyokufa. Niliitia kwenye kopo letu la vipande vizima, tutakavyotumia siku nyingine. Fundi aliporudi alifungua mfuko, akaona kapasita mbili na fyuzi, akakubali kwa kichwa, ameridhika. Nilikusudia kumwambia. Kisha Nikodemo akafika, akapima damu moja aliyokuja nayo kwenye kichupa, jibu likawa sawa na alilolijua, na mashine ikaondoka. Sikumwambia tena.

Wiki sita zilipita. Siku ya Jumanne, mwezi wa nane, Nikodemo alirudi na mashine imefungwa kwenye kitenge. Alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kama kawaida yake, lakini hakukaa.

"Fundi, mashine hii inasema mimi nina damu ya watu wawili."

"Labda ulikula migebuka miwili," Fundi akasema.

Nikodemo hakucheka. "Nikipima damu yangu peke yake, iko sawa. Nikipima ya mtu, halafu yangu ikafuata harakaharaka, inapanda. Nimerudia mara nyingi. Siku ya kliniki ya wajawazito mimi napima harakaharaka. Foleni inafika nje kwenye mti. Kwa hiyo nakuuliza jambo moja tu. Hii imeanza kabla haijaja kwako, au baada? Kama ni kabla, ni uzee wa mashine, tutaandika barua huko juu. Kama ni baada, basi nina wanawake wa wiki sita niliowaambia wana damu ya kutosha, na inabidi niwatafute mmoja mmoja."

Fundi alitazama mashine, hakunitazama mimi. "Nipe hadi Ijumaa," alisema. "Nitakujibu."

Nikodemo alipoondoka Fundi alifungua kifuniko, akainama na tochi, na haikumchukua muda. "Yasinta. Hapa palikuwa na nini?" Kidole chake kilikuwa kwenye matundu mawili safi. Nilimwambia. Nilileta na kopo. Alitafuta rezista, akaipata, akaiweka kiganjani, akanifundisha, kwa sauti ileile aliyonifundishia mambo yote. Akasema pawa saplai hii ni kama mama mwenye watoto watatu, lakini anayemuuliza kama ameshiba ni mmoja tu, huyu wa tano. Tano akisema nimeshiba, mama anapunguza moto, hata kama wengine bado wana njaa. Rezista hii ilikuwa inamfanya huyu wa tano awe na njaa wakati wote, ili mama aendelee kupika na wengine wapate. Umeitoa, tano anashiba upesi. Kichapishi kinapoanza kuvuta, kumi na mbili inaanguka, na hakuna anayeuliza. Akaunganisha mita kwenye njia ya taa, akaniambia nichapishe. Namba ikashuka kutoka kumi na mbili hadi kumi na nusu, karatasi ilipokwisha ikapanda tena. Tano haikutikisika. Nilikuwa nimezipima zote zikiwa zimekaa kimya. Taa ikififia, mashine inadhani ni damu iliyozuia mwanga, na inasema mtu ana damu nyingi.

Aliirudisha rezista siku hiyohiyo, ameisimamisha juu zaidi ya bodi kwa miguu yake ya waya ili joto lisiunguze. Tukapima tukichapisha, kumi na mbili ikabaki pale pale. Mashine ilikuwa nzima Jumanne kabla ya magharibi. Nikamuuliza kwa nini tusiipeleke kesho asubuhi tukaseme. Alisema, "Nimesema Ijumaa." Nilijua anafikiria nini. Alikuwa anafikiria kama anaweza kusema ni uzee wa mashine. Simhukumu. Nilikuwa naomba aseme hivyo.

Jumatano ilipita. Alhamisi saa saba chakula hakikuja. Tulikaa tukitazama sinia tupu la jana, na Fundi akasema labda Zaituni amelala. Saa nane Bi Mwajuma alitokea mlango wa uani bila mtandio, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada, akasema, "Sudi, tafuta gari." Zaituni alikuwa amejifungulia nyumbani na mkunga wa mtaani. Kliniki ilikuwa imemwambia damu iko sawa, kila kitu kiko sawa, na yeye alimwogopa sana mtu wa kumshonashona hospitalini. Damu ilikuwa haikatiki. Lilipatikana gari la mfanyabiashara wa samaki, wakamlaza nyuma kwenye godoro. Alipona. Mtoto alikufa kesho yake alfajiri, na Zaituni hakuzaa tena.

Ijumaa baada ya swala tulikwenda zahanati, mimi nimebeba mashine, Fundi mbele yangu bado amevaa kanzu. Chumba cha Nikodemo kilikuwa kidogo, kina sinki na dirisha ambalo ziwa lilionekana kipande. Fundi alisimama, akasema, "Imeanza baada ya kuja kwangu. Kuna kipande kilitolewa. Nilikitoa mimi."

Nikodemo alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Wewe mwenyewe, Fundi?"

"Mimi mwenyewe."

Hakuna aliyenizuia kusema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, na nilinyamaza.

Nikodemo aliwasha mashine, wakaijaribu pamoja hadi akaridhika. Ndipo akasema kwamba, kwa alivyoona, wa kwanza kupimwa kila asubuhi jibu lake lilikuwa la kweli, kwa sababu kichapishi kilikuwa bado kimelala. Waliodanganywa ni waliofuata. Fundi akauliza kama daftari linaonyesha nani alitangulia. Halionyeshi, Nikodemo alisema, majina alikuwa anayanakili mwisho wa siku kutoka kwenye rundo la vikaratasi. Itabidi waitwe wote. Na waliitwa, msikitini na kanisani na kwa mtu mwenye kipaza sauti juu ya baiskeli, na baadhi yao walikutwa damu iko chini, wakapewa vidonge. Namshukuru Mungu kwamba sikusikia mwingine aliyedhurika.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kwa nini amesema vile. Alisema, "Ukisema wewe, wataambizana kuna msichana anachezea mashine za hospitali. Hakuna atakayekuletea hata tochi. Mimi wananijua." Nikamwambia, basi nikamuulize Zaituni kama siku aliyopimwa alikuwa wa kwanza au alifuata. Alisimama katikati ya barabara. "Mtu amezika leo asubuhi, wewe unakwenda kumwuliza foleni? Akiwa wa kwanza, akiwa wa kumi, mtoto amekufa. Usimwulize." Nilishika neno hilo kwa miaka yote kama amri. Ukweli ni kwamba lilinifaa. Ningemuuliza, angetaka kujua nimepata wapi habari ya foleni, na kwa nini inaniuma kiasi hicho.

Bi Mwajuma alisikia kwa watu, kama kila mtu alivyosikia, kwamba Sudi alitoa kitu kwenye mashine na mashine ikawadanganya wajawazito. Habari ya wa kwanza na waliofuata haikufika mitaani. Alimwita seremala, mlango wa uani ukapigiliwa mbao mbili. Tulikuwa tunakula mandazi ya kununua, na Fundi hakusema kitu juu ya hilo isipokuwa siku moja, alipomsikia dada yake akiongea na kuku, aliacha pasi ya risasi ikamchoma kidole. Zahanati haikutuletea kazi tena. Mzee wa mawese alikuja kuchukua redio yake, akaufungua mfuko wa vipande, akavihesabu, akavihesabu tena mbele ya Fundi. Nilikaa hadi Desemba. Kisha nikahamia Mwanga, nikaweka meza yangu mwenyewe, na nimeishi kwa kazi aliyonifundisha. Kila Idi nilimpelekea sukari. Hatukulizungumza jambo hilo tena hadi alipokufa.

Siku ya tatu ya msiba wake nilirudi mapema kusaidia. Bi Mwajuma alikuwa amekuja. Ni mzee sana sasa, alikuwa amekaa chumba cha ndani, anatazama ukuta. Zaituni alikuwa uani anachambua mchele peke yake. Amenenepa, anavaa miwani, ana genge la dagaa sokoni na anajulikana kwa kutania wateja, lakini siku hiyo hakuwa na utani. Nilikaa chini, nikavuta ungo mwingine.

"Zaituni, nina neno."

"Sema, dada."

Nikasema. Nilisema kwamba kile kipande nilikitoa mimi, mjomba wake akiwa Kasulu, hakujua, na kwamba alisema uongo mbele ya Nikodemo nami nimesimama pale. Mikono yake iliacha kuchambua. Aliniuliza, polepole, "Ulikuwa unaleta sukari hapa kila Idi, na unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kisha akaniuliza mashine ilikuwa inadanganya vipi hasa, maana hajawahi kuelezwa, aliambiwa tu ilikuwa mbovu. Nikamweleza habari ya kichapishi na taa. Nikamwambia ilikuwa inawadanganya waliofuata, siyo wa kwanza.

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza asubuhi jibu lake lilikuwa la kweli."

Alivua miwani. "Mimi nilikuwa wa kwanza," alisema. "Kila kliniki. Nilikuwa nafika kabla hawajafungua, nakaa kizingitini, ili niwahi kurudi niwapikie." Nikamuuliza kama ana hakika, na hata siku ile ya mwisho. Akasema siku ile ya mwisho Nikodemo alimkuta mlangoni akamwambia wewe utahamia hapa na godoro lako. "Kwa hiyo damu yangu ilikuwa kweli iko sawa," akasema. "Ilikuwa jambo jingine."

"Ndiyo. Ilikuwa jambo jingine."

"Na ningekwambia zamani. Ungeniuliza tu."

Aliweka ungo chini, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Pazia la chumba lilikuwa limefungwa, lakini nilimsikia vizuri.

"Mama. Mjomba hakuwa na kosa."

Kisha sauti ya Bi Mwajuma: "Nani kasema?"

Zaituni akamtajia jina langu.